Kliniki ya mbwa na paka itafute wakiwa wazima

Mbwa akishaanza kuhara damu usiku wa manane huna tena nafasi ya kuchagua. Utakwenda kwa yeyote atakayepokea simu. Ndiyo maana nasisitiza kliniki itafutwe mnyama akiwa mzima, anakula na anabweka. Mpeleke kwa chanjo au dawa ya minyoo tu, halafu angalia kwa macho yako wanavyofanya kazi.

Nafuga mbwa na paka hapa Dar es Salaam, na ninachotazama kwanza ni kama daktari anamshika mnyama kabla hajashika sindano. Amempandisha kwenye mizani? Amempima joto? Joto la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, kwa hiyo kumgusa pua hakukuelezi kitu. Amemfunua mdomo aone fizi? Fizi zikipauka, kwa mbwa wa huku kwetu, wazo la kwanza liwe magonjwa ya kupe.

Kwenye kupe ndiko kliniki nyingi zinakojulikana uwezo wao. Babesia na erlikia, magonjwa mawili yanayoenezwa na kupe, kwa nje zinafanana: mbwa analala tu, hataki chakula, mwili unachemka. Dawa zake hazifanani. Mbwa wangu aliwahi kudungwa antibayotiki na vitamini kwenye kliniki moja bila kupimwa chochote, akazidi kudhoofu. Kliniki ya pili walimtoa tone la damu kwenye ncha ya sikio, wakalitazama kwa darubini, na babesia ikaonekana ndani ya chembe nyekundu. Akapewa dawa yake, akapona. Sasa kila kliniki naiuliza: darubini mnayo, na nani anasoma?

Kisha friji. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyopata joto huwezi kuitambua kwa kuitazama. Umeme ukikatika mchana kutwa wanafanyaje? Anayejali atakuwa na jibu tayari. Chupa ifunguliwe mbele yako, stika yake ibandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, sahihi na muhuri. Kadi hiyo ina uzito: mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani, ndiyo itakayoulizwa. (Mtoto mwenyewe aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kadi iwepo isiwepo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.)

Uliza pia kuhusu usajili, bila aibu. Tunayo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linalosajili madaktari. Wataalamu wa ngazi ya cheti na stashahada nawaheshimu, wanafanya kazi kubwa, lakini kumfunga kizazi mbwa jike ni upasuaji wa tumbo, na hapo mimi nataka daktari mwenye shahada.

Wenye watoto wa mbwa mtazame usafi kuliko rangi ya jengo. Virusi vya parvo, vinavyowatapisha na kuwaharisha watoto wa mbwa, hukaa miezi mingi sakafuni. Kliniki nzuri huwatenga wanaotapika na kuhara, na husafisha sakafu kwa dawa inayoua virusi hivyo, kama ile ya klorini. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo mbebe mikononi, usimshushe.

Kwa paka nina swali moja. Omba dawa ya viroboto vya paka. Daktari akikupa ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na kukwambia "mpake kidogo tu", ondoka, maana hiyo kwa paka ni sumu. Vivyo hivyo akikushauri panado: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Bei ziulizeni mapema, wala sioni haja ya kurefusha hapo. Muhimu zaidi ni nani anapokea simu usiku na Jumapili. Ukishampata, namba yake ibandike ukutani jikoni na umwoneshe dada wa kazi, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye yupo nyumbani mbwa anapoanza kutapika.