Jibu: Niache chumba Mbeya mjini nikalime viazi Isongole?

Habari ndugu. Unauliza kama kodi ya chumba mtaani Soweto, Mbeya mjini, ikikushinda, uhamishe mke na watoto kijijini Isongole mkalime viazi mviringo kwenye shamba la kukodi.

Anza na barabara, kodi ya shamba baadaye. Nenda Machi au Aprili, mvua ikiwa imekolea, uone kama Fuso inafika shambani. Isipofika, utalipa wabebaji hadi lami, na mnunuzi naye atashusha bei akijua huna pa kupeleka mzigo.

Kisha udongo. Uliza msimu uliopita palilimwa nini. Kama ni viazi au nyanya, jihadhari na ugonjwa wa mnyauko bakteria: hukaa ardhini na kwenye mbegu, na hauna dawa ya kupulizia. Ukikuta mmea ulionyauka ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha iguse maji safi kwenye glasi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, usikodi hapo, hata wakupunguzie.

Ekari moja hula mbegu gunia nane hadi kumi za kilo mia, na mavuno ni baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa ukungu wa hewa ya kule, dawa ya baka jani, ugonjwa wa madoa yanayoozesha majani, inapigwa kabla majani hayajaonyesha madoa. Miezi yote hiyo mtakula nini? Kama jibu halipo mkononi, nenda peke yako msimu wa kwanza, watoto wabaki shule. Mkataba wa shamba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji na majirani wa mipakani.