Unga wa buluu na kidonda cha moto

Dadangu, umeuliza kama ule unga wa peptidi za shaba (vipande vidogo vya protini vilivyoshika shaba) ulioagiza mtandaoni waweza kuukoroga na marashi, umpake mtoto pale alipoungua na chai. Tafadhali usimpake. Marashi ya dukani hayakutengenezwa kwa kidonda, na unga wa namna hiyo hujui umefungwa wapi wala na nani. Kidonda cha moto huingiwa na vijidudu vya maradhi upesi, na joto hili la Mombasa ndilo wanalolipenda. Mpeleke zahanati iliyo karibu au hospitali ya Coast General leo hii, wakamsafishe na kumfunga vizuri.

Peptidi yenyewe ni kitu cha kweli. Yaitwa GHK: asidi amino tatu, yaani vijenzi vya protini, zinazoshika shaba. Mwanasayansi Loren Pickart aliitenga kwenye damu ya binadamu mwaka 1973. Huichochea ngozi itengeneze kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ila ushahidi mwingi ni wa maabara na wanyama. Tafiti za watu ni chache na ndogo.

Ukiitaka kwa uso wako wewe, nunua seramu iliyo tayari. Osha uso usiku, paka matone mawili matatu, halafu losheni yako. Usiipake pamoja na vitamini C, maana asidi yake huweza kuitenganisha shaba na peptidi. Hiyo vitamini C paka asubuhi. Seramu nzuri ni buluu kama wino. Ikibadilika rangi, itupe. Iweke kwenye friji. Na wauzaji wakikwambia ujidunge sindano ya peptidi hii, kataa kabisa.