Korona Iliyokufa Haipigwi Picha kwa Pupa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia akitaka kujua nilitumia kamera gani kupiga ile picha ya mkuyu ulioota mbele ya mtambo wa mkonge, picha ambayo mwezi uliopita ilichaguliwa kutundikwa katika maonyesho jijini Dar es Salaam. Nilifurahi, wala sitaficha. Hata hivyo swali lake lilinionyesha kwamba anaanzia palepale nilipoanzia mimi, mahali ambapo nilipoteza nauli nyingi bure, na ndiyo maana namjibu kwa urefu, kwa faida yake na ya wenzake wenye uchu uleule wa vyuma vilivyoachwa porini.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Kabla neno korona halijatwaliwa na ugonjwa, kwetu lilikuwa na maana moja tu, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, na jina lenyewe lilitokana na mtambo wa Kijerumani ulioitwa Corona. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893: miche 1,000 ilitoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, nchi ilifikia kutoa takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1964. Baadaye bei ikaanguka, kamba za plastiki zikachukua soko, mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakaachwa yamezwe na vichaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Mabaki ya anguko hilo ndiyo tunayoyakimbilia leo na kamera zetu, tukiyaita mazuri.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Niliifuata korona moja iliyokufa kando ya kijito (nyingi zimejengwa karibu na maji, kwa kuwa singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani na mengine yote huoshwa yakaondoka), nikaingia saa sita mchana bila kumwamkia mtu yeyote. Mlinzi alinikuta nimepanda juu ya mtambo, akaamini kwamba mimi ni mmoja wa wale wanunuzi wa vyuma chakavu wanaokuja usiku na gesi ya kukatia, akanikalisha chini ya mwembe hadi mtendaji wa kijiji alipofika jioni. Simlaumu mlinzi yule. Picha nilizopata siku hiyo zilikuwa na anga jeupe na kutu nyeusi kama masizi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni kuomba ruhusa, na wa pili ni kuacha kupiga picha mchana wa jua kali. Nenda asubuhi baada ya mvua, wakati kutu iliyolowa inapotoa wekundu wake wote.

Nilirudi na ruhusa, viatu vizito na chanjo ya pepopunda, nikakaa muda mrefu kabla ya kuitoa kamera mkobani. Utomvu wa mkonge ni mkali, na kwetu upepo una chumvi ya bahari, hivyo mabati yalikuwa yamebanduka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Chini ya kichwa cha bolti moja rangi ya kijani ilikuwa bado mbichi kabisa. Katikati ya visu butu vya ngoma, lile gurudumu pana la chuma linalokwangua jani, kulikuwa na singa chache zilizokwama, zimekauka, nyeupe, kana kwamba zamu imekwenda kula na itarudi. Nilipiga picha zaidi ya mia, nikarudi nyumbani nikijiona fundi.

Aliyenivua kiburi ni mzee mmoja wa jirani aliyekuwa fundi katika korona hiyohiyo. Nilimpelekea picha niliyoipenda kuliko zote. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, kisha akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hii umeipiga mgongoni. Uso wake uko upande wa pili, jani linakoingilia." Akanieleza namna ngoma ya kwanza inavyokula nusu ya jani, kamba zikalidaka upande uliokwisha kusafishwa, na ngoma ya pili ikala nusu iliyobaki. Akanionyesha kwa kidole mahali aliposimama mlishaji, zamu nzima, miguu ndani ya maji, naye akitaja majina ya waliowahi kusimama hapo, mmoja baada ya mwingine.

Nilikwenda mara ya tatu. Mkuyu ulikuwa umeota palepale aliposimama mlishaji, mzizi wake mmoja umeingia kwenye tundu la bolti. Nilikuwa nimeupita mara mbili bila kuuona.

Basi wewe unayeuliza habari za kamera, tafuta kwanza aliyeufanyia kazi mtambo huo kabla hajaondoka duniani. Omba ruhusa, nimekwisha kusema, na ninasema tena. Usisogeze chuma ili picha ipendeze, usibebe hata nati moja, wala usiandike chini ya picha "uzuri wa kutu" kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, kwa sababu yupo mtu ambaye kutu hiyo ni mshahara wake uliokatika. Na uandike jina lako kwenye kazi yako mapema. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliweka picha zangu nne kwenye kalenda yake bila jina langu wala senti moja, na kila Januari nikiona kalenda ukutani mwa duka bado natazama kama ni ile. Vijana wa siku hizi mnapenda matunda bila jembe. Mnataka mng'ao wa kutu bila kumwuliza babu aliyeijua ilipokuwa chuma.

Kamera yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Tanga mjini, na kioo chake kina mkwaruzo upande wa kushoto. Picha ya kwanza niliyoisafisha nilimpa mzee. Ameitundika sebuleni, uso wa mtambo ukiutazama mlango.