Ukiitwa Uwaziri, Shamba Usiliuze

Mchungaji mmoja wa kanisa, rafiki yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Molo, Kenya, ameniuliza kama akubali uwaziri wa kaunti. Nimeshika kazi hiyo katika kaunti moja ya magharibi, nikitokea shambani na madhabahuni. Ndugu, kubali, lakini shamba usiliuze wala hatimiliki yake usiipeleke benki.

Bunge la kaunti litakupiga msasa na kukuidhinisha, ila sheria inamruhusu gavana kukufuta wakati wowote akiona inafaa. Ikiwa mshahara huo ndio pekee unaolisha nyumba yako, utatia sahihi kila karatasi utakayoletewa. Mimi niliwahi kurudisha hati ya ununuzi wa mbolea ambayo hesabu zake hazikuingia akilini. Niliweza kwa sababu mke wangu alikuwa akipeleka maziwa kila asubuhi na karo ya watoto haikutegemea ofisi.

Humfikiria sana Garfield Todd. Alitoka New Zealand mwaka 1934 kuja kuhudumu misheni ya Dadaya, katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Akawa pia mfugaji pale jirani, kwenye shamba la Hokonui. Akaingia bungeni 1946, na 1953 akawa waziri mkuu. Wenzake walimwona anawapa Waafrika nafasi kupita kiasi, katika shule na katika kura. Mapema 1958 mawaziri wake walijiuzulu na chama kikamwondoa. Hakunyamaza. Mwaka 1965 serikali ya waziri mkuu Ian Smith ilimfungia humo humo shambani mwake mwaka mzima, na 1972 ikamtia gerezani pamoja na binti yake Judith. Naamini kuwa na mahali pa kurudi kulimpa ujasiri ambao cheo hakingempa.

Madhabahu nayo ina masharti. Kifungu cha 77 cha Katiba yetu kinamkataza afisa wa serikali wa muda wote kushika ajira nyingine ya kipato, kwa hiyo posho ya kanisa iache. Ukialikwa kuhubiri, hubiri Neno tu. Miradi ya kaunti itangazie barazani. Waumini wakianza kukuletea barua za kuomba kazi mlangoni mwa kanisa, na wataleta, waelekeze kwenye bodi ya utumishi ya kaunti, hata akiwa mzee wa kanisa aliyekulea kiroho.

Zungumza na mama watoto na askofu wako kabla jina lako halijapelekwa bungeni. Mkubaliane nani atasimamia ng'ombe, nani atachunga kondoo wa Bwana, na muandike.