Mrudishie Ganesha kichwa chake: kwa anayetaka kuandika hadithi za Kihindi kwa Kiswahili

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, yuko Mwanza. "Shikamoo dada. Nimesoma zile hadithi zako za wanyama wa Kihindi, nami nataka kuwaandikia watoto kitabu cha aina hiyo. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili, kisha nikaona aibu. Swali hilo limenichukua miaka tisa kulijibu, na minne kati ya hiyo niliipoteza kwa makosa ambayo hakuna aliyenionya. Basi mwalimu, marahaba, jibu lako refu ni hili. Nawaandikia na wengine, maana najua karibu nyote mnaonisoma hapa mna daftari mahali lenye hadithi zinazosubiri kuchapwa.

Nilikwenda Pune, India, kusoma uhasibu. Kuhusu masomo yenyewe sina la kusimulia, nilisoma, nikafaulu. Lililonibadilisha lilikuwa nyumba niliyopanga. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kimarathi, mjane, na wapangaji wote tulimwita Aaji, yaani bibi kwa lugha yao. Siku moja ya mwezi wa sita, mvua zao kubwa ndiyo zinaanza, nilirudi na pakiti ya gazeti niliyonunua kwenye mkokoteni barabarani. Ndani yake zambarau, zile zile za kwetu, zimenyunyiziwa chumvi. Wao huziita jambhul. Nilikuwa nimeshakula nusu njiani. Aaji alipouona ulimi wangu ulivyogeuka rangi, akasema, "Leo umekula chakula cha kima."

"Kima gani, Aaji?"

Akakaa kitako kwenye ngazi, akaanza. Palikuwa na kima aliyeishi juu ya mti wa jambu kando ya maji. Akafanya urafiki na mamba, akawa anamrushia matunda. Mamba akayapelekea mkewe, na mkewe akawaza: anayekula matunda matamu namna hii kila siku, moyo wake utakuwa mtamu kiasi gani? Akasema hatakula kitu tena mpaka aletewe moyo wa kima. Mamba akambeba rafiki yake mgongoni, amkaribishe kwake, na walipofika katikati ya maji akamwambia ukweli.

Hapo nilimkatiza. Nilisimama na zambarau zangu mkononi, nikasema, "Kima akamwambia moyo ameuacha mtini!"

Aaji alinitazama muda mrefu. "Nani kakuambia?"

Kaniambia bibi yangu, mzaa mama, wa Pangani. Ila kwa bibi hakuwa mamba, alikuwa papa. Mti ulikuwa mkuyu, nusu ya matawi yake yako mjini na nusu yako baharini. Na mgonjwa aliyehitaji moyo alikuwa sultani wa kule baharini. Aaji alirudia neno hilo mara mbili, papa, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Mamba kasafiri, kafika baharini, kawa papa." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayepima: "Na punda?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, maana kwa lugha nyingine nisingeweza: hana moyo wala masikio.

Mnaoijua mnaijua. Kima akisharudishwa mtini kuuchukua huo moyo na kupona, anakataa kushuka tena, anamuuliza mwenzake kama anamdhania kuwa punda wa dobi. Kisha anamhadithia: punda aliyetoroka kwa dobi, akanenepa mwituni, akadanganywa aende kwa simba, akashambuliwa, akaponea chupuchupu, akadanganywa tena, na akarudi. Simba alipokwisha kumuua, mjanja aliyemdanganya punda akaula moyo na masikio kwa siri. Alipoulizwa viko wapi akajibu: huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo angerudi? Kwa Aaji mjanja alikuwa bweha. Kwa bibi alikuwa sungura. Dobi alibaki dobi kote kuwili, kwa sababu hata neno lenyewe tumelipokea kutoka kwao.

Usiku ule sikulala. Baadaye nilijua kwamba hadithi hiyo imo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti, lugha ya kale ya India, chenye sehemu tano, na kima na mamba ndio wanaobeba sehemu ya nne yote, na punda yumo ndani ya tumbo la hadithi yao kama alivyokuwamo kwa bibi. Na mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alichapisha hadithi alizozikusanya Zanzibar, na mojawapo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima, papa, mkuyu, sungura, vyote vimo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ushauri wangu wa kwanza umo humu: sikiliza kabla hujaandika. Tafuta mtu aliyekua na hadithi hizo, umkalie chini, na umuache aseme. Vitabu utavisoma tu. Sikio ndilo litakalokuonyesha hadithi inapumulia wapi.

Sasa niungame. Niliporudi nyumbani nilikuwa na daftari tatu za hadithi za Aaji, na badala ya kuziandika nilivyozisikia, niliogopa. Niliogopa watakaosema naleta mambo ya dini ya watu. Niliogopa watakaosema watoto hawatazielewa. Kwa hiyo nikakaa mezani na kuanza kufuta. India ikawa "nchi ya mbali". Kila hadithi nikaishonea mkia: Funzo, halafu sentensi moja. Na Ganesha nikamkata kichwa.

Wahindu wanasimulia kwamba Parvati alimuumba mwanawe kwa mikono yake mwenyewe ili amlindie mlango akiwa anaoga. Mumewe Shiva akaja, mtoto asiyemjua akamzuia kuingia, na kwa hasira Shiva akamkata kichwa. Kilio cha mama kilipozidi, mtoto akapewa kichwa cha tembo, akafufuka. Ndiye Ganesha, anayeombwa kabla ya kuanza jambo lolote, na anayepanda panya. Siku moja yeye na ndugu yake Kartikeya waliambiwa atakayeizunguka dunia wa kwanza ndiye mshindi. Kartikeya akapaa na tausi wake. Ganesha akatazama tumbo lake, akatazama panya wake, akawazunguka baba na mama yake, akasema: dunia yangu ni hii.

Mimi nilimwandika "Gani, mwana wa mfalme", kijana mnene, nikampa punda, na ndugu yake nikampa farasi.

Mswada ulikaa kwa mchapishaji mmoja miezi kumi na minne. Ulirudi na karatasi ya mistari mitatu: hadithi hizi si zetu, watoto wa Kiafrika hawatajiona ndani yake. Nawaambia ukweli, mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile kifua kinabana. Bibi yangu wa Pangani, ambaye hakuwahi kuvuka maji zaidi ya kwenda Unguja, alikuwa na hadithi ile mdomoni, na mtu akae ofisini aniambie si yetu! Ningependa kumuuliza kama neno dobi ni lake, kama chapati na bajia anazokula ni zake. Lakini hakuwahi kunipa nafasi ya kumuuliza chochote.

Nikaamua kuzihadithia mwenyewe, Jumamosi, kwenye chumba cha kusomea cha watoto mtaani kwetu. Mara ya pili au ya tatu walikuja mama mmoja wa Kihindi na mwanawe wa miaka sita hivi. Nikahadithia Gani na farasi. Nilipomaliza, na funzo langu nimeshalisema, yule mtoto akanyoosha mkono. "Kichwa chake cha tembo kiko wapi?" Mama yake akamnyamazisha kwa upole, akaniomba radhi. Akaniomba radhi mimi! Nilitamani sakafu inimeze. Mtoto alikuwa amenitambua kuwa nimeiba kitu, na mamaye, kwa adabu zake, alikuwa anajifanya hakuona.

Nilipofika nyumbani nikaisoma tena ile niliyoandika, na nikaona la pili: mbali na dhuluma, hadithi yenyewe ilikuwa imekufa. Punda na farasi ni mashindano ya kawaida. Tumbo kubwa na kichwa cha tembo juu ya panya, dhidi ya tausi anayeruka: hapo mtoto anashika roho, anajua hawezi kushinda, na ndiyo maana ule mzunguko mdogo kuwazunguka wazazi unampiga kifuani. Nilikata kichwa nikidhani ni pambo, kumbe ndiyo hadithi.

Utaniuliza, mbona bibi alibadili mamba kuwa papa na hukumlaumu? Nimeliwaza sana hili. Bibi, na waliomtangulia, hawakubadili kwa woga. Hadithi ilipita vinywa vingi, vya watu walioishi na bahari mlangoni, na papa akaja mwenyewe. Mimi nilibadili usiku mmoja, peke yangu, nikiwafikiria watakaonisema. Ndugu zangu, ukishika kalamu kubadili kitu, jiulize ni hadithi inayotaka au ni hofu yako. Ikiwa ni hofu, weka kalamu chini. Na kama ni miungu ya watu wanaoiabudu hadi leo, sema wazi kwamba Wahindu wanasimulia hivi, usimulie kwa heshima ile unayotaka wewe usimuliwe ya kwako. Mimi ni Mwislamu, na imani yangu haijapungua kwa kusema Ganesha ana kichwa cha tembo.

Sasa hilo la funzo, ambalo naona nyote mnalifanya, na nimechoka kulisoma. Aaji hakuwahi kuniambia funzo. Sikukuu ya Ganesha alikuwa akitengeneza modak, vitumbua vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke, ndani mna nazi na sukari guru. Harufu yake ilinipeleka Pangani moja kwa moja. Jioni akavuta pazia, akanikataza kutazama mwezi. Ganesha, akasema, alikula modak nyingi mno, panya akashtushwa na nyoka, wakaanguka, tumbo likapasuka, akalifunga kwa nyoka yule yule, na mwezi ukamcheka. Akaulaani. Nikamuuliza, "Kwa hiyo maana yake nini, Aaji?" Akanipa modak nyingine, akaanza hadithi ya mwezi na sungura.

Panchatantra yenyewe inakwenda hivyo. Mnyama mmoja anadokeza kisa, mwenzake anauliza "ilikuwaje hiyo?", na mlango unafunguka. Mausia yamejaa mle, sikatai, lakini yanasemwa na wanyama wakitaka kushinda hoja, na wengine ni walaghai. Bweha Damanaka anajaza maneno ya hekima masikioni mwa simba mpaka simba anamuua rafiki yake fahali, na Damanaka anapata cheo chake. Kitabu kilipopita Uajemi karne ya 6 na kufika kwa Waarabu kama Kalila na Dimna, Ibn al-Muqaffa, aliyekitafsiri karne ya 8, aliongeza sura nzima ya kumshitaki Dimna, yaani Damanaka yule yule, ili aadhibiwe. Hata bingwa yule hakuweza kuvumilia. Namuelewa, na bado naona hadithi ya mwanzo inauma zaidi. Acheni funzo. Mnawadharau watoto. Mtoto akishaambiwa funzo anafunga kitabu.

Nilifuta mikia yote ishirini. Nilimrudishia Ganesha kichwa, panya na modak zake. Nikairudisha India mahali pake. Mchapishaji mwingine, mdogo, alikichukua kitabu, na nafurahi kusema kwamba chapa ya kwanza imekwisha.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa Mwanza, anza na hadithi moja tu. Chukua ya nguchiro. Mama anakwenda kuchota maji, anamwacha mtoto kitandani na nguchiro aliyemlea kama mwanawe. Nyoka anaingia. Nguchiro anamrarua, anakimbia mlangoni kumpokea mama, mdomo wote damu. Mama anadhani amemla mtoto, anamtupia mtungi wa maji, anamuua. Kisha anaingia ndani.

Jumamosi iliyopita nilihadithia hapo, nikanyamaza. Sikusema neno. Nilisikia feni inazunguka. Mvulana mmoja aligeuka akatazama mlango. Baadaye sana, msichana wa miaka kama saba, aliyekuwa amekaa karibu na mguu wangu, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Halafu ule mtungi aliufanyaje?"

Nikamwambia, "Unadhani aliufanyaje?"

Akafikiri. "Aliokota vipande vyote," akasema. "Vilikuwa vingi."