Nimesahau tahiyatu ya kwanza: nirudi, niendelee au nivunje swala?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Katika adhuhuri nilisahau kukaa tahiyatu ya kwanza nikasimama. Nilipofika katikati ya Alhamdu nikakumbuka, nikarudi kukaa. Baadaye nikaingiwa na shaka kama niko rakaa ya tatu au ya nne. Nikavunja swala na kuanza upya, na si mara ya kwanza. Je, nilifanya sawa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Swala uliyoianza upya imesihi, usiwe na wasiwasi nayo. Kosa lako lilikuwa kuivunja ile ya kwanza. Swala ya faradhi haivunjwi bila udhuru, na kusahau si udhuru, kwa sababu dawa yake imo ndani ya swala yenyewe.

Tuanze na tahiyatu. Abdullah bin Buhayna amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaswalisha adhuhuri, akainuka baada ya rakaa mbili bila kukaa. Hakurudi. Aliendelea mpaka mwisho, na kabla ya salamu akasujudu sijida mbili. Basi nawe ukishasimama wima usirudi, maana umekwisha kuingia katika nguzo, na nguzo haiachwi kwa ajili ya suna. Ukikumbuka kabla hujasimama sawasawa, hapo rudi ukae. Kwa madhehebu ya Shafi, anayerudi baada ya kusimama huku anajua kuwa haifai, swala yake inabatilika. Wewe hukujua, kwa hiyo haikubatilika; ungemalizia tu kwa sijida ya kusahau.

Lakini sijida hiyo haizibi pengo la nguzo. Aliyesahau rukuu, kwa mfano, akikumbuka kabla ya kufika rukuu ya rakaa inayofuata, anairudia rukuu yake na yanayofuata. Akiwa amekwisha kuifikia, hii inashika nafasi ya ile, na ile rakaa yenye kasoro haihesabiwi. Mwisho wa swala atasujudu.

Ama shaka ya tatu au nne, Abu Said Al-Khudri amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtu aitupe shaka na ajenge juu ya yakini, kisha asujudu sijida mbili kabla ya salamu. Yakini yako ni tatu, kwani hizo huna shaka nazo. Ongeza moja. Kama kumbe zimekuwa tano, sijida mbili zinaifanya swala yako iwe shufwa. Kama ni nne kamili, zinamdhalilisha shetani. Tazama jinsi wewe ulivyokuwa ukimpa alichokitaka!

Namna yake ni nyepesi: ukimaliza tahiyatu ya mwisho, sujudu mara mbili kama kawaida na ukae baina yake, kisha utoe salamu. Wafuasi wa Hanafi wanasujudu baada ya salamu, na wana dalili zao, kwa hiyo ukimwona mwenzako anafanya hivyo usimkemee. Ukiwa maamuma, kusahau kwako nyuma ya imamu kunabebwa na yeye, ila akisujudu yeye, nawe mfuate.

Shaka inayokuja baada ya salamu usiihesabu kabisa. Ukiwa na yakini kuwa umepunguza rakaa, na muda haujawa mrefu, inuka uikamilishe na usujudu. Muda ukiwa mrefu, irudie swala yote. Wallahu a'lam.