Kwa mliojiunga juzi: kimbia nguzo moja, tembea mbili

Kila Januari kundi letu la jogingi hapa Tabata hupata wageni, na kila mgeni huja na hadithi ya alichokuwa anasubiri. Mmoja alisubiri mshahara anunue raba, mwingine alisubiri mvua ziishe, wa tatu kalipia jimu miezi mitatu na ameikanyaga mara mbili. Siwacheki. Mimi nilisubiri miaka minne, na sababu yangu ilikuwa ya kijinga kuliko zote: nilitaka kwanza nipunguze kitambi ndipo nitoke barabarani, watu wasinione nacho.

Siku nilipotoka hatimaye nilivaa fulana ya kampeni na raba za kuendea sokoni. Nikachomoka kama tulivyokuwa tukikimbia mchakamchaka shule ya msingi, nikidhani mwili ni ule ule. Nguzo ya tano ya umeme nilikuwa nimeshika magoti. Mama anayekaanga vitumbua pale kona akaniuliza, "Baba, umefukuzwa na nani?" Kesho yake nilishuka kwenye daladala kinyumenyume, mapaja yamegoma, na nikakaa wiki tatu bila kurudi.

Basi hizo nguzo zitumieni vizuri kuliko mimi. Kimbia nguzo moja, tembea mbili. Zikifika dakika 20, rudi nyumbani, hata kama unasikia nguvu bado zipo. Hasa kama zipo, kwa sababu ndizo zitakazokutoa kitandani keshokutwa. Siku tatu kwa wiki, ukipumzika katikati, zinatosha kabisa. Ukizoea, kimbia mbili tembea moja, na usimwangalie anayekupita. Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya bei mbaya: ukikutana na mzee njiani, umwamkie. Kama "shikamoo mzee, habari za asubuhi" haitoki yote kwa pumzi moja, unakimbia mno. Punguza.

Wapo watakaosema hawana nusu saa. Zamani Shirika la Afya Duniani lilitaka mazoezi yafanyike angalau dakika 10 mfululizo ndipo yahesabike. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo. Mtu mzima anashauriwa kufikisha angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Kwa hiyo ukishuka vituo viwili kabla ya chako ukakaza mwendo, umeshaanza leo, na viatu vya ofisini hivyo hivyo. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua, wewe pekee nakuruhusu kusubiri: muone daktari kwanza. Lakini nenda wiki hii.

Maumivu yana lugha mbili. Misuli ikiuma siku ya pili, pande zote mbili sawasawa, huo ni ugeni tu. Tembea taratibu, utapita. Goti moja likichoma, au ugoko ukiuma mahali pamoja ukipabonyeza kwa kidole, simama. Usijikaze kiume.

Viatu vya mtumba vinafaa, msidanganywe. Pale Karume geuza soli: kama kisigino kimelika upande mmoja, huo ni mwendo wa mwenyewe wa zamani, mwachie. Bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama tofali sponji imekwisha. Na acha nafasi ya kidole mbele, maana miguu huvimba na joto la Dar.

Tunatoka saa 11:30 alfajiri kwa sababu hiyo hiyo ya joto. Bado kuna giza, kwa hiyo vaa nguo ya rangi ya kung'aa na ukimbie upande wa kulia wa barabara, uone gari zinazokuja. Bodaboda nyingine hazina taa. Akina dada, msitoke peke yenu, pigianeni simu. Mvua za masika zikianza, kamba ya kuruka barazani itakusogeza, na kwenye mfungo wengi wetu hutembea tu, karibu na futari.

Ukipenda kujiwekea lengo la mbio, jiwekee, ila lisiwe kisingizio kipya. Mwaka mmoja nililipia nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi mwezi Oktoba. Kulipa kukanipa raha kana kwamba nimeshakimbia, nikaanza mazoezi Januari, na mbio zenyewe ni mwisho wa Februari. Nusu ya kwanza mnapanda kuelekea Mweka. Mlima ule haukuuliza nililipa lini. Kilomita za mwisho nilitembea, huku watoto wa kando ya njia wakinihimiza, "Kazana babu!" Nilikuwa na miaka 41.

Jumamosi tunakutana palepale kwa mama wa vitumbua. Njoo na maji na nauli ya dharura mfukoni. Ukichelewa ukakuta tumeondoka, usirudi kulala: shika njia ya Segerea. Wa nyuma kabisa, mwenye fulana ya kampeni iliyopauka, ni mimi, na natembea nguzo moja kati ya tatu.